Indiketa ikipiga mbio, usiinyamazishe kabla ya kuisikiliza

Taa ya ishara ya gari ni lugha. Haina maneno, wala haijui Kiswahili wala Kiarabu, lakini kila aliye barabarani anaielewa: mwendesha bodaboda aliye nyuma, dereva wa daladala anayekuja mbele, mama aliyeshika mkono wa mtoto akisubiri kuvuka. Anayewasha indiketa amewaambia watu wote hao jambo moja: ninaelekea upande huu, jihadharini. Nao wakishalipokea hilo, hupanga mwendo wao juu yake. Mmoja husubiri, mwingine hupita, wa tatu humvuta mtoto nyuma.

Siku hizi wenye magari wengi huondoa globu za kawaida za taa hizo na kuweka taa za LED. Sababu zake zinaeleweka. LED huwaka papo hapo, hutumia umeme kidogo, na iliyotengenezwa vizuri hudumu miaka mingi. Lakini mara nyingi mwenye gari akishazifunga na kuusukuma mkono wa indiketa, husikia sauti asiyoizoea: mlio wa haraka haraka, kana kwamba gari limeingiwa na hofu. Mwingine hukuta taa ya upande mmoja haiwaki kabisa. Mwingine huashiria kushoto, na taa za kushoto na kulia zikapepesa pamoja.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji aelewe chanzo cha kasoro hizo, namna ya kuzitafuta kwa utaratibu, na tiba ipi ina usalama na ipi ina hatari iliyojificha. Tumeyaweka katika kurasa za familia kwa sababu gari la nyumbani ndilo hubeba watoto kwenda madrasa, wazee kwenda hospitali na jamaa kwenda kwenye walima. Taa zake si jambo la fundi peke yake.

Njia ina haki zake

Mtume Muhammad (S.A.W) aliwaeleza maswahaba wake waliokuwa wakiketi njiani kwamba njia ina haki, na miongoni mwa haki hizo akataja kujizuia na kuwaudhi wapitao. Wanazuoni nao, wanapoeleza makusudio ya sheria, wameuhesabu ulinzi wa uhai katika mambo matano makuu. Na ile kanuni maarufu ya fiqhi inayokataza mtu kudhuru au kulipizana madhara haikuweka mpaka kati ya zama za ngamia na zama za gari.

Kwa hiyo taa ya ishara isiyoonekana mchana, au iwakayo upande usiokusudiwa, ni zaidi ya kasoro ya mapambo. Ni habari ya uongo iliyotolewa barabarani, hata kama aliyeitoa hakukusudia kudanganya. Dereva ndani ya gari husikia mlio na kuona mshale mdogo ukipepesa kwenye dashibodi, akaamini kuwa amekwisha kusema. Aliye nje hakusikia chochote.

Kwa nini LED hupiga mbio

Kati ya mkono wa indiketa na taa zenyewe kuna kifaa kidogo kinachokata na kuunganisha umeme ili taa zipepese. Mafundi wetu hukiita flasha. Katika magari ya zamani sana, flasha ilikuwa na ukanda wa metali mbili zilizoshikamana. Umeme ukipita, ukanda ulipata joto, ukapinda na kukata umeme. Ukipoa, ulirudi mahali pake na kuunganisha tena. Flasha ya namna hiyo huhitaji umeme mwingi ili ukanda upate joto. Ukiweka LED, joto halitoshi, na aghalabu taa hubaki imewaka tu bila kupepesa.

Magari yaliyofuata yana flasha ya kielektroniki, ambayo ndani yake mna saketi inayopima kiasi cha umeme unaopita. Hesabu yake si ngumu. Globu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Katika magari mengi, upande mmoja una globu ya mbele ya wati 21, ya nyuma ya wati 21, na ile ndogo ya ubavuni ya wati 5. Jumla ni wati 47, ambazo kwa betri ya volti 12 ni karibu ampea 3.9. Globu moja kubwa ikiungua, hubaki wati 26, yaani ampea 2.2 hivi. Flasha huona upungufu huo na kuongeza kasi karibu maradufu, ili dereva ajue kuwa kuna globu iliyokufa.

Sasa weka LED mbele na nyuma. Kila moja ikitumia wati 4, upande wote pamoja na globu ya ubavuni hautumii zaidi ya wati 13, ambazo hazizidi sana ampea moja. Flasha haina macho. Haioni kwamba taa zote zinawaka. Inachojua ni kiasi cha umeme tu, na kiasi hicho kinaiambia kwamba globu zimeungua. Basi hufanya kazi iliyoumbiwa: inapiga mbio ili kutoa tahadhari.

Jambo hili ni la msingi, na msomaji alikumbuke hadi mwisho wa makala. Mlio wa haraka ni mshauri aliyewekwa na waundaji wa gari. Anayetaka kuunyamazisha anapaswa kwanza kujua anachokinyamazisha.

Hesabu kwa sekunde 15

Kanuni za kimataifa za taa za magari zinataka indiketa ipepese mara 90 kwa dakika, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa mara 30. Maana yake ni kati ya mara 60 na mara 120. Kwa kupima nyumbani, shika saa, washa indiketa ya upande mmoja, na uhesabu kwa sekunde 15. Ukipata kati ya 15 na 30, mwendo uko ndani ya mipaka. Ukizidi 30, gari linalalamika. Kisha pima upande wa pili.

Usipime kwa hazadi peke yake. Hazadi huwasha pande zote mbili kwa pamoja, mzigo wa umeme ukaongezeka, na katika magari kadhaa flasha huridhika na kupiga kwa mwendo wa kawaida ingawa upande mmoja una kasoro. Wengi hudanganyika hapo: hazadi ni nzima, wakahitimisha kuwa indiketa nazo ni nzima.

Hatua ya kwanza: rudisha globu za zamani

Kabla ya kununua kifaa chochote, rudisha globu za zamani katika upande wenye tatizo, kisha hesabu upya. Hatua hii haina gharama, nayo hukata shauri. Ikiwa mwendo umerudi kuwa wa kawaida, basi nyaya na soketi ni nzima, na tatizo ni upungufu wa mzigo wa LED. Ikiwa indiketa bado inapiga mbio hata kwa globu za zamani, basi tahadhari ilikuwa ya kweli: kuna globu iliyoungua, soketi iliyooza, au waya uliokatika. Aliyeruka hatua hii na kukimbilia kubadili flasha ameuficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Ndiyo maana ni busara kutozitupa globu za zamani. Zifunge katika karatasi, zikae kwenye sanduku la zana. Siku LED itakapokufa safarini, zitakufikisha nyumbani.

Isiyowaka, inayofifia, na inayowaka pande zote

Ikiwa LED haiwaki kabisa, dhana ya kwanza iwe ni uelekeo wake. Globu ya kawaida ina waya mwembamba unaopata moto. Umeme ukiingia kwa mguu huu au ule, huwaka. LED ni dayodi, hupitisha umeme kwa upande mmoja tu. Zile zisizo na mikono ya kujifungia, ambazo huchomekwa kama kabari, zinaweza kuingia kinyume. Ichomoe, igeuze, uirudishe. Matatizo mengi ya LED mpya isiyowaka huishia hapo. Zile za kusukuma na kuzungusha hazigeuziki, ila zina shida nyingine: vipini vya globu ya rangi ya chungwa aghalabu havikutazamana sawasawa kama vya globu nyeupe, ili watu wasichanganye. Ikigoma kuingia, usiilazimishe wala usikate kipini. Umenunua aina isiyo yake.

Ikiwa LED imegeuzwa na bado haiwaki, pima soketi. Tumia testa yenye globu ndogo. Mita ya kidijiti huchelewa kuonyesha umeme unaokatika na kurudi, na namba zake huruka ruka bila kueleweka. Ishike testa kwenye kituo cha katikati cha soketi na kwenye bodi ya gari. Ikipepesa, umeme unafika, na kasoro iko kwenye taa au kwenye njia ya kurudi.

Njia ya kurudi ndiyo ethi, na hapa penye bahari ndipo penye kesi nyingi. Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa zina hewa ya chumvi na unyevu. Soketi hushika kutu ya kijani, skrubu ya ethi ikalegea, na umeme ukakosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri. Dalili zake ni za ajabu kidogo: ukikanyaga breki, indiketa nayo huwaka hafifu, ukiwasha indiketa, taa ndogo ya nyuma hupepesa nayo. Umeme uliokosa njia yake umepita kwa jirani. Globu ya zamani ilihitaji umeme mwingi, kwa hiyo ilivumilia uvujaji mdogo bila kuwaka. LED huwaka kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo huanika kila kosa lililokuwa limejificha. Tiba ni kufungua skrubu, kusugua bodi na ncha ya waya kwa msasa laini hadi metali ing'ae, kufunga kwa nguvu, na kupaka grisi kidogo kuzuia unyevu. Soketi iliyoliwa na kutu ibadilishwe.

Kuna jambo jingine linalohusu unyevu. Globu ya zamani ilikausha maji yaliyoingia ndani ya taa kwa joto lake. LED haina joto la kutosha mbele, hivyo ukungu hubaki ndani ya kioo. Ukiona matone ndani ya taa baada ya kuweka LED, angalia mpira wa kuziba soketi kabla ya kuilaumu LED.

Kasoro ya pande zote kupepesa pamoja hutokea zaidi kwenye pikipiki na katika magari ya zamani yenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi. Taa hiyo huwa imeungwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiashiria kushoto, umeme kidogo hupita ndani yake kuelekea kulia kutafuta ethi. Kwa globu za wati 21, umeme huo hautoshi kuwasha chochote. Kwa LED, unatosha, na zote nne huwaka kama hazadi. Tiba ni kuunga dayodi mbili ndogo, moja kwa kila waya, na kuipa taa ya dashibodi ethi yake yenyewe. Kazi hiyo ni ya lehemu na nusu saa kwa fundi anayejua. Ndugu zetu wa bodaboda wailewe, kwa sababu pikipiki inayopepesa pande zote haijamwambia mtu yeyote inakokwenda.

Tiba tatu, na gharama ya kila moja

Ikithibitika kwamba nyaya ni nzima na tatizo ni uchache wa mzigo, kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni rezista. Kifaa hiki huungwa kati ya waya wa indiketa na ethi, sambamba na LED, ili kitumie umeme ambao globu ya zamani ingeutumia. Inayouzwa sana ni ya omu 6 na wati 50, yenye gamba la alumini. Kwa volti 12 hupitisha ampea 2, sawa na wati 24. Injini ikiwaka na volti zikapanda hadi 14, hufikia karibu wati 33. Wati zote hizo hugeuka joto. Rezista inaweza kuzidi nyuzi joto 100, kiasi cha kuunguza kidole na kuyeyusha plastiki. Kwa hiyo ifungwe kwa skrubu kwenye metali ya bodi, mbali na nyaya, zulia na bampa, na kamwe isizungushiwe solotepu nyeusi ikaachwa ininginie nyuma ya taa. Ile namba ya wati 50 huwa na maana ikiwa rezista imeegemezwa kwenye metali ya kuibebea joto. Gari lililoharibika barabarani, lenye hazadi zilizoachwa kwa saa nzima usiku, ndilo mtihani wa kazi ya fundi. Aidha, wengine huunga rezista katika mfululizo na LED. Hilo halisaidii: LED hufifia, na mlio hubaki wa haraka.

Njia ya pili ni kubadili flasha na kuweka ile iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, ambayo hupepesa kwa mwendo mmoja bila kujali mzigo. Njia hii haizalishi joto, na kwa magari mengi ndiyo safi zaidi. Lakini flasha zina aina. Za zamani zina miguu miwili au mitatu. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina ya miguu minane. Nenda dukani na flasha yako mkononi, wala usitegemee kumbukumbu. Kwa zile za miguu miwili au mitatu, angalia herufi zilizoandikwa: B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni ethi. Baadhi ya magari yamepanga B na L kinyume cha flasha iliyonunuliwa, na ukichomeka hivyo haifanyi kazi. Fundi hubadilisha nafasi za nyaya hizo mbili, na kazi ikaisha.

Njia ya tatu ni ya magari mapya zaidi, hasa yale ambayo indiketa zake huendeshwa na kompyuta ya gari. Hayo hayana flasha ya kuchomoa; hata mlio unaousikia hutoka kwenye spika. Humo hutumika LED zenye rezista ndani yake, au kompyuta hubadilishwa mpangilio kwa kifaa maalumu. LED zenye rezista ndani hubeba joto karibu na vijiwe vya mwanga, na joto ndilo adui mkubwa wa LED, kwa hiyo maisha yake hupungua. Ukiona LED za gari la namna hiyo zinamulika kidogo hata zikiwa zimezimwa, yamkini kompyuta inatuma vipimo vyake vya kawaida vya kukagua globu. Globu ya zamani haikuvionyesha, LED huvionyesha.

Hapa ndipo tunaporudi kwa yule mshauri. Rezista humdanganya: LED ikifa, rezista inaendelea kutumia umeme, na flasha inaamini kuwa taa ni nzima. Flasha ya LED nayo imemwondoa kabisa, maana haipimi chochote. Baada ya tiba yoyote kati ya hizo mbili, mlio utakuwa mzuri na wa utulivu hata kama taa ya nyuma imekufa tangu mwezi uliopita. Kazi iliyokuwa ikifanywa na gari sasa imehamia kwako. Anayeikubali tiba akubali na jukumu lake.

Mwanga wa kupendeza na mwanga wa kuonekana

Taa ya gari si globu peke yake. Nyuma ya globu kuna kioo cha kuakisi, na umbo lake limepigiwa hesabu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufariki karibu mwaka 1040, ni miongoni mwa walioandika kwa kina juu ya vioo vyenye umbo la parabola, namna vinavyokusanya miale ya jua katika nukta moja. Taa ya gari hutumia elimu hiyo kwa kuigeuza: mwanga ukiwekwa katika nukta ile, kioo huusambaza mbele kwa mpangilio. Waundaji wa gari waliweka waya wa globu mahali hapo hasa.

LED ya kununua huwa na vijiwe mahali pengine: vingine vinatazama mbele tu, vingine vimepangwa ubavuni lakini mbali na nukta ile. Matokeo yake ni nukta kali katikati na giza pembeni. Anayesimama nyuma moja kwa moja anaona mwanga wa kuumiza macho. Aliye ubavuni, mathalani mwendesha baiskeli anayetaka kupita kushoto kwako, haoni kitu. Kwa hiyo upimaji wa kweli hufanywa saa sita mchana, jua likiwa kali, mtu akisimama hatua 20 kutoka kwenye gari, kwanza nyuma, kisha kwa pembe kushoto na kulia. Linganisha na upande uliobaki na globu ya zamani. LED ikiwa hafifu kuliko globu, hakuna sababu ya kuiweka.

Rangi nayo ina hukumu yake. Nyuma ya kioo cha rangi ya chungwa, weka LED ya rangi ya chungwa, usiweke nyeupe. Mwanga wa LED nyeupe hutokana na kijiwe cha bluu kilichopakwa unga wa njano, na kioo cha chungwa huizuia bluu yote hiyo isipite, hivyo kinachotoka hupauka na kupungua. Nyuma ya kioo kisicho na rangi, ya chungwa ni ya lazima, kwa kuwa ndiyo rangi ya ishara. Zile LED zinazobadilika kutoka nyeupe kuwa chungwa ziwe na uhakika wa kuzima nyeupe pale ishara inapowaka. Na zile za mkanda zinazokimbia kutoka ndani kwenda nje hazitamaliza safari yake ikiwa flasha inapiga mbio; ishara hukatika katikati kama mtu aliyekatizwa kauli.

Muuzaji, fundi na mnunuzi

Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani, neno linalosikika sana ni kwamba taa hii inaingia gari lolote. Kuingia inaingia. Muuzaji mzoefu, hata hivyo, anajua kwamba katika gari nyingi italeta mlio wa mbio, na kwamba mnunuzi atahitaji flasha au rezista. Akinyamaza ili biashara isipotee, amejitia katika jambo zito. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta ndani yake pamelowa. Akamtaka muuzaji auweke unyevu ule juu, watu wauone, na akamkemea mwenye kughushi. LED si nafaka, lakini lililofichwa chini ni lile lile.

Mnunuzi naye ana haki inayojulikana katika fiqhi kuwa khiyari ya aibu: akikuta bidhaa ina kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, anatakiwa airudishe bila kuchelewa mara tu anapoigundua, wala asiendelee kuitumia. Aliyeendesha miezi mitatu kwa LED yenye vijiwe vilivyokufa, kisha akaenda kudai, amedhoofisha hoja yake. Kwa kesi mahususi aulizwe mwenye elimu, kwa sababu LED nzima isiyopatana na gari si lazima iitwe bidhaa yenye aibu. Hapo ndipo uzito wa kauli ya muuzaji wakati wa kuuza unapojitokeza.

Kwa upande wa fundi, mafaqihi wamezungumza kwa urefu juu ya dhamana ya mwenye kazi anayeharibu mali ya watu kwa uzembe. Rezista iliyoyeyusha bampa, au waya uliounganishwa kwa kusokota na mate ya solotepu, ni mifano ya zama zetu. Mwambie fundi akuonyeshe mahali alipoifunga rezista kabla hajarudisha bampa. Fundi mwaminifu hatachukia.

Ukaguzi wa Ijumaa

Kwa kuwa gari halitakuonya tena, jiwekee siku. Ijumaa asubuhi, kabla ya kujiandaa kwa swala, inafaa, maana ni rahisi kuikumbuka. Kazi yake haizidi dakika tano, na kijana wa nyumbani anaweza kujifunza. Gari liwe limezimwa injini, breki ya mkono imevutwa, na anayetazama asimame kando.

Kwanza, washa indiketa ya kushoto, mzunguke gari: mbele, ubavuni, nyuma. Kisha kulia.

Pili, hesabu mapigo kwa sekunde 15 kwa kila upande.

Tatu, washa taa ndogo, kanyaga breki, kisha washa indiketa. Taa yoyote inayopepesa bila kuamriwa inaashiria ethi mbovu.

Nne, tazama vijiwe vya kila LED. Vikifa viwili au vitatu, badilisha kabla havijafa vyote.

Tano, mara moja kwa mwezi, baada ya kupepesa hazadi kwa dakika chache, sogeza mkono karibu na ilipo rezista bila kuigusa. Ukisikia harufu ya plastiki, zima na umwite fundi.

Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa kwenye kioo inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Haijui taa ya nyuma iliyokufa juzi. Anayeijua, au anayepaswa kuijua, ni mwenye gari, na ndiye atakayeulizwa.

Basi anayependa LED aziweke, kwani hakuna ubaya katika kupendezesha mali ya halali. Ila azichague kwa kuonekana kwake, azifunge kwa amana, na azikague kwa desturi. Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosalimika na wanaowasalimisha wenzao njiani. Wabillahi tawfiq.